Derby ya Epsom: mbio ambazo farasi huzikimbia mara moja tu maishani

Jumamosi ya kwanza ya Juni, kwenye vilima vya Epsom kusini mwa London, kundi la farasi wa miaka mitatu hukimbia mita 2,420 kwa takriban dakika mbili na nusu. Hakuna viunzi vya kuruka wala awamu ya pili. Aliyeshindwa hawezi kurudi mwakani kujaribu tena, kwa kuwa mwakani atakuwa na miaka minne na Derby haimpokei farasi wa umri huo. Hata bingwa haruhusiwi kutetea taji lake. Sharti hilo la umri lina zaidi ya miaka 240, na ndilo lililozaa karibu kila kitu kinachozungumzwa kuhusu mbio hizi: kamari zilizofilisi watu, udanganyifu uliofika mahakamani, bei za kutisha za madume ya mbegu, na hata aina ya farasi wa mbio waliopo duniani leo. Anayetaka kuielewa Derby na aanze na umri.

Kabla ya 1780

Mbio za farasi za Uingereza mwanzoni mwa karne ya 18 zilikuwa kazi ya farasi wazima. Mashindano ya zawadi za kifalme yaliwataka farasi wa miaka sita, wabebe stoni 12, yaani kilo 76, na wakimbie maili nne, ambazo ni zaidi ya kilomita sita. Wakishamaliza walifutwa jasho, wakapumzishwa kidogo, kisha wakarudishwa uwanjani kukimbia maili nne nyingine, mpaka apatikane aliyeshinda awamu mbili. Farasi mmoja aliweza kukimbia kilomita 18 au zaidi kwa mchana mmoja. Hapo kasi haikuwa na maana kubwa. Aliyetafutwa ni farasi mwenye mapafu, mifupa na moyo wa kuvumilia.

Mfumo huo ulimuumiza mwenye mali. Alilisha farasi kwa miaka mitano, akilipa wachungaji na wahunzi wa viatu vya kwato, kabla ya kujua kama alichonacho kina thamani. Nao wacheza kamari hawakupata raha yoyote, maana farasi akifika miaka sita uwezo wake unajulikana na kila mtu. Ndiyo maana katika nusu ya pili ya karne ile mambo yakageuka: farasi wadogo zaidi, mzigo mwepesi zaidi, umbali mfupi zaidi, na mbio moja tu ya kukata shauri. St Leger ya Doncaster ilianza 1776 kwa farasi wa miaka mitatu. Miaka minne baadaye ikaja Derby.

Wakati huo farasi wenyewe walikuwa wamebadilika. Aina tunayoiita thorobredi ilitokana na majike wa Uingereza waliopandishwa na madume walioletwa kutoka mashariki. Watatu kati ya hao ndio ambao uzao wao wa kiume umedumu hadi leo: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Darley Arabian alinunuliwa Aleppo, Syria, mwaka 1704, na leo zaidi ya asilimia 90 ya thorobredi wote wa kiume duniani wanatoka kwake ukifuata baba kwa baba, kupitia kwa Eclipse, farasi ambaye hakuwahi kushindwa. Mbio za kwanza za Eclipse zilikuwa hapohapo Epsom, Mei 1769. Daftari la nasaba, ambalo bila jina la farasi na la mama yake kuandikwa humo hawezi kuitwa thorobredi, lilianza kuchapishwa 1791 na James Weatherby. Kwa hiyo Derby ilizaliwa wakati uleule ambapo aina hii ya farasi ilikuwa inafungiwa mlango wa nasaba.

Earl, sarafu na farasi aitwaye Diomed

Edward Smith-Stanley, Earl wa 12 wa Derby, alikuwa kabaila kijana aliyependa farasi na majogoo wa kupigana. Karibu na Epsom alikuwa na nyumba iitwayo The Oaks. Mwaka 1779 yeye na wageni wake walianzisha mbio za majike wa miaka mitatu, maili moja na nusu, wakazipa jina la nyumba hiyo. Jike wake mwenyewe, Bridget, ndiye aliyeshinda. Wakakubaliana kwamba mwakani ziwepo mbio nyingine, zilizo wazi kwa madume na majike. Masimulizi ya tangu zamani yanasema jina liliamuliwa kwa kurusha sarafu kati ya mwenyeji na rafiki yake Sir Charles Bunbury, mtu mwenye sauti kubwa katika Jockey Club, chama kilichosimamia mbio. Iwe sarafu ilirushwa au haikurushwa, tarehe 4 Mei 1780 aliyeshinda mbio alikuwa Bunbury, kwa farasi wake Diomed, mbele ya wengine wanane. Earl alisubiri hadi 1787 kupata ushindi wake, kwa farasi aitwaye Sir Peter Teazle.

Derby nne za mwanzo zilikuwa za maili moja tu. Urefu wa maili moja na nusu ulikuja 1784, na pamoja nao ikaingia ile kona maarufu ya Tattenham. Njia yenyewe ilihamishwa mara kadhaa tena, na inayotumika sasa ni ya tangu 1872.

Maisha ya Diomed baada ya ushindi yanaonyesha jinsi soko la mbegu linavyoweza kukosea. Kama dume la mbegu Uingereza alidharauliwa, na 1798, akiwa na miaka 21, akauzwa Marekani kwa gini 50 (gini ni sarafu ya zamani ya Uingereza). Watu walidhani wamemaliza naye. Huko Virginia alipanda majike kwa miaka kadhaa, na mwaka 1805 akazaliwa mwanawe Sir Archy, ambaye uzao wake ulitawala mbio za Marekani kwa vizazi. Diomed alikufa 1808, mzee wa miaka 31, akiwa ameheshimiwa ugenini kuliko alivyowahi kuheshimiwa kwao.

Miaka mitatu ni miaka mingapi?

Swali hili ndilo lenye mtego mkubwa kuliko yote. Thorobredi wote wa kizio cha kaskazini huhesabiwa kuongeza mwaka siku moja, 1 Januari, bila kujali walizaliwa lini. Aliyezaliwa 20 Januari na aliyezaliwa 20 Mei mwaka huohuo ni wa rika moja kisheria. Zamani tarehe hiyo ilikuwa 1 Mei. Newmarket, mji mkuu wa mbio za Uingereza, ilihamia 1 Januari katika miaka ya 1830, viwanja vingine vikafuata baadaye. Kizio cha kusini hutumia 1 Agosti.

Tazama matokeo yake. Farasi jike hubeba mimba kwa takriban miezi kumi na moja. Mfugaji anayetaka mtoto wa Januari au Februari lazima jike apandishwe katikati ya Februari, wakati ambapo kwa maumbile majike wengi wa kaskazini hawajaingia kwenye joto, maana miili yao husubiri siku ziwe ndefu. Dawa yake ni taa: tangu Desemba banda huwashwa mpaka jike apate mwanga wa saa 16 kwa siku, mwili udanganyike kwamba majira ya kuchipua yamefika. Na hatari ya upande wa pili ni kubwa: mtoto akiwahi kutoka tarehe 30 Desemba, kesho kutwa anahesabiwa ana mwaka mmoja. Atakuja kukimbia Derby dhidi ya wenzake waliomzidi karibu mwaka mzima wa kukua, na kwa mbio hizo basi ameharibika kabla hajasimama sawasawa.

Ukijua kwamba mwaka mmoja wa ukuaji una uzito huo, utaelewa kilichotokea 1844. Farasi aliyeandikishwa kwa jina la Running Rein alifika wa kwanza. Tayari mwaka uliotangulia, alipokimbia Newmarket kama farasi wa miaka miwili, watu walikuwa wamenong'ona kwamba umbo lake lilikuwa kubwa mno kwa umri huo. Kanali Jonathan Peel, mwenye farasi wa pili aitwaye Orlando, alipinga matokeo. Kesi ikafika mahakamani Julai, mbele ya Jaji Alderson, naye akatoa amri moja rahisi: farasi aletwe, achunguzwe mdomo.

Mdomo wa farasi ni hati ya kuzaliwa. Ana meno sita ya mbele juu na sita chini. Meno ya utoto huanza kubadilishwa na ya ukubwani kwa jozi: jozi ya kati anapofika miaka miwili na nusu hivi, jozi inayofuata miaka mitatu na nusu, na ya pembeni miaka minne na nusu. Farasi wa miaka mitatu kamili mwezi Mei huonyesha jozi moja ya ukubwani katika kila taya. Akionyesha mbili, ni wa miaka minne, na hakuna rangi ya nywele itakayomfunika. Farasi wa kesi ile hakuletwa kamwe, alikuwa ametoweka. Kesi ikaanguka, Orlando akapewa ushindi, na ikabainika kwamba aliyekimbia alikuwa Maccabeus, farasi wa miaka minne. Kibaya zaidi, katika Derby hiyohiyo farasi mwingine, Leander, alivunjika mguu akauawa, na meno yake yalipotazamwa naye alikutwa amepita umri. Leo kila thorobredi ana pasipoti, kidude cha elektroniki chini ya ngozi ya shingo, na kipimo cha vinasaba kinachothibitisha baba na mama. Mlango ule umefungwa, ila ilichukua muda mrefu.

Njia inayofichua udhaifu

Viwanja vingi vya mbio ni tambarare kama meza. Epsom imejengwa na ardhi yenyewe, na kila sehemu ya njia hiyo huuliza swali lake.

Mbio huanza kwa kupanda. Kutoka kwenye vizimba vya kuanzia hadi kileleni farasi hupanda takriban mita 40, na mwanzoni njia hukunja kidogo kulia kabla ya kuanza kukunja kushoto. Farasi aliyepangiwa kizimba cha ndani kabisa yumo hatarini hapa, kwa sababu wenzake wanapovuka kutafuta upande wa ndani wa kona ya kushoto humbana, akajikuta nyuma ya ukuta wa makalio. Farasi mwenye pupa, anayevuta lijamu na kukataa kutulia, huchoma nguvu kwenye mlima huu na kuzikosa dakika moja na nusu baadaye. Kazi ya joki, yaani mpanda farasi wa mbio, sehemu hii ni kumfanya farasi apumue.

Kisha njia inashuka, karibu mita 30, huku ikikunja kushoto hadi kona ya Tattenham. Hapa ndipo Derby nyingi hupotea. Mwili wa farasi umeumbwa uzito wake mwingi ulalie miguu ya mbele. Akishuka kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, uzito huo unazidi kusukumwa mbele, na farasi mrefu mwenye hatua ndefu sana hushindwa kuzifupisha. Huanza kuyumba, hubadili mguu unaoongoza, na joki hulazimika kumshikilia wakati wengine wanapita. Farasi wa kati, mwenye mabega yaliyolala vizuri na hatua fupi za haraka, huteleza kama hakuna kilima. Mwaka 1962, kati ya farasi 26 waliokimbia, saba walianguka kwenye mteremko huu, akiwemo Hethersett aliyetegemewa zaidi. Farasi waliochoka walikuwa wakirudi nyuma wakati wenye nguvu wakisonga mbele, na katika msongamano huo mmoja akigusana kwato na mwingine, wa nyuma hawana pa kukwepea. Larkspur ndiye aliyeibuka mshindi.

Baada ya kona unabaki mnyoofu wa zaidi ya mita 700. Nao hauko sawa: umeinama kutoka upande wa jukwaa kuelekea reli ya ndani. Farasi aliyechoka hafuati mstari, hufuata mwinamo, akasogea kushoto na kumgonga jirani yake. Ukiona joki amehamishia fimbo mkono wa kushoto, mara nyingi anapambana na mwinamo huo. Na mita mia za mwisho, kama vile yote hayo hayatoshi, njia inapanda tena.

Kwa sababu hizo joki mwerevu hutaka kuwa ndani ya robo ya mbele anapoingia mnyoofu. Mwaka 1986 Dancing Brave, ambaye wengi tunaamini alikuwa farasi bora wa kizazi chake, aliachwa nyuma mno Tattenham. Alikuja mwishoni kwa kasi ya kushangaza, akakosa Derby kwa nusu ya urefu wa farasi nyuma ya Shahrastani. Kinyume chake ni Serpentine mwaka 2020, Derby iliyokimbiwa Julai bila watazamaji kwa sababu ya Uviko: joki wake Emmet McNamara alitangulia mbali, waliokuwa nyuma wakatazamana wakisubiriana, na farasi wa 25 kwa 1 (kila pauni moja ya kamari ililipa 25) hakukamatwa tena. Lester Piggott aliyashika mahesabu haya kuliko yeyote; alishinda mara tisa, ya kwanza 1954 akiwa na miaka 18.

Uzito nao haumwachi mtu huru. Madume hubeba kilo 58, majike hupunguziwa kilo 1.4. Uzito huo ni joki pamoja na tandiko. Pungufu hujazwa kwa vipande vya madini ya risasi kwenye mifuko ya kitambaa cha tandiko. Joki hupimwa kabla, na hupimwa tena baada ya mbio.

Fedha, damu na theluji

Miaka ya kati ya karne ya 19 Derby ilikuwa siku ambayo London ilisimama. Bunge lilikuwa na desturi ya kuahirisha vikao, na mamia ya maelfu walipanda kwenye vilima ambavyo hadi leo sehemu yake kubwa ni ya wazi, mtu haingii kwa tiketi. Hapo ndipo kamari ilipokuwa na meno.

Derby ya Hermit, 1867, ndiyo inayonigusa zaidi. Mwenye farasi alikuwa Henry Chaplin, ambaye mchumba wake alikuwa ametoroka na Marquess wa Hastings. Hastings akachezea fedha nyingi kwamba Hermit hatashinda. Siku chache kabla ya mbio Hermit alitoka damu puani mazoezini. Jambo hilo ni la kawaida kwa thorobredi: katika kasi kubwa shinikizo la damu mapafuni hupanda kiasi kwamba mishipa midogo hupasuka, na kwa farasi wachache damu huonekana puani. Wengi waliona kwamba farasi amekwisha, bei yake ikafika 66 kwa 1. Siku ya mbio kulianguka theluji, mwezi wa Mei. Mbio zilianzishwa vibaya na farasi wakarudishwa mara nyingi, manyoya yao yakisimama kwa baridi, na mwishowe Hermit akashinda kwa urefu wa shingo tu. Hastings alipoteza pauni 120,000. Mwaka uliofuata alikufa, akiwa na miaka 26. Hermit yeye alikwenda kuwa dume la mbegu lililoongoza Uingereza miaka saba mfululizo.

Mwaka 1913 uwanja huohuo ulibeba jambo zito zaidi ya fedha. Emily Wilding Davison, mpigania haki ya wanawake kupiga kura, alipita chini ya reli kwenye kona ya Tattenham akasimama mbele ya Anmer, farasi wa Mfalme George wa Tano. Aligongwa, akafa siku nne baadaye. Kilichotokea mbele ya mbio hakikusikika sana kwa sababu hiyo: Craganour, aliyefika wa kwanza, alinyang'anywa ushindi kwa kugongana na wenzake, ukapewa Aboyeur wa 100 kwa 1.

Aga Khan, Ghuba, na safari ya kurudi

Msomaji wa Afrika Mashariki anamjua Aga Khan kwa hospitali na shule, na wazee wa Dar es Salaam husimulia jinsi Aga Khan wa Tatu alivyopimwa kwa almasi mjini humo mwaka 1946. Mtu huyohuyo alishinda Derby mara tano: Blenheim 1930, Bahram 1935, Mahmoud 1936, My Love 1948 akishirikiana na mwenzake, na Tulyar 1952. Bahram hakushindwa maishani, akatwaa pia St Leger na 2000 Guineas, mbio nyingine kubwa za farasi wa miaka mitatu. Mahmoud, farasi mdogo wa kijivu, aliweka muda wa dakika 2 na sekunde 33.8 uliokaa karibu miaka 60.

Mjukuu wake, Aga Khan wa Nne, naye alishinda mara tano, na ya kwanza ilikuwa Shergar, 1981. Walter Swinburn, joki wa miaka 19, alifika mwisho akiwa amewaacha wenzake kwa urefu wa farasi kumi, pengo kubwa kuliko yote katika historia ya Derby. Februari 1983 watu wenye silaha walimwiba Shergar kutoka shamba la Ballymany, Ireland. Hajawahi kupatikana.

Kisha wakaja wenye farasi wa Ghuba na Saudia. Khalid Abdullah, Hamdan al Maktoum, na baadaye Sheikh Mohammed wa Dubai kupitia Godolphin, kampuni yake ya farasi wa mbio, aliyeshinda kwa Masar 2018 na Adayar 2021. Kwangu Lammtarra wa 1995 ndiye wa ajabu kuliko wote: alikuja Epsom akiwa amekimbia mara moja tu maishani, karibu miezi kumi nyuma, akavunja rekodi ya Mahmoud kwa dakika 2 na sekunde 32.31. Workforce aliishusha tena 2010 hadi 2:31.33, ambayo ni wastani wa zaidi ya kilomita 57 kwa saa, mlima na mteremko vikiwemo.

Kwa nini farasi aliyehasiwa haingii

Wengi hushangaa kwamba farasi aliyehasiwa, ambaye kwenye mbio nyingine ni wa kawaida kabisa na mara nyingi mtulivu zaidi, haruhusiwi Derby. Sababu ni kwamba Derby ni mtihani wa mbegu. Zawadi ya mshindi ni kubwa, lakini ni ndogo ukilinganisha na ada atakayolipwa kwa kupandisha majike zaidi ya mia kwa msimu. Ndiyo maana washindi wengi hustaafu kabla ya kufika miaka minne au mitano. Federico Tesio, mfugaji mkubwa wa Italia, alishikilia kwamba thorobredi ni zao la nguzo ya mwisho ya Epsom, na ushahidi unampa haki. Galileo alishinda 2001. Wanawe New Approach, Ruler of the World, Australia, Anthony Van Dyck na Serpentine wakashinda nao. Masar ni mwana wa New Approach. Adayar ni mwana wa Frankel, naye Frankel ni mwana wa Galileo. Majike wanaruhusiwa, ila ni sita tu walioshinda, wa mwisho Fifinella 1916; wenye majike bora huwapeleka Oaks.

Kuingia kwenyewe ni mpango wa miaka. Farasi huandikishwa akiwa na mwaka mmoja na miezi, kabla hajajulikana kama anaweza kukimbia. Waliosahaulika wana mlango wa mwisho siku chache kabla ya mbio, kwa ada nzito: wenye Golden Horn walilipa pauni 75,000 mwaka 2015, wakashinda. Mitihani ya kujipima ni Dante ya York, Chester Vase, majaribio ya Lingfield na Leopardstown, na 2000 Guineas ya maili moja kule Newmarket. Usimtupe farasi kwa sababu ya Guineas peke yake. Auguste Rodin alimaliza wa 12 huko mwaka 2023 na City of Troy wa tisa mwaka 2024. Wote wawili wakatwaa Derby, wote wakitoka kwa Aidan O'Brien, mkufunzi ambaye kufikia 2025 alikuwa na ushindi 11.

Mita 2,400 au pungufu?

Derby ilisambaa. Mmarekani Meriwether Lewis Clark alitembelea Epsom 1872, na 1875 akaanzisha Kentucky Derby. Ireland, Ufaransa na Ujerumani wana za kwao, na Nairobi ipo Kenya Derby inayokimbiwa Ngong, ambayo Beryl Markham aliishinda zaidi ya mara moja kama mkufunzi. Lakini wengine wamepunguza urefu: Kentucky ilishuka hadi maili moja na robo mwaka 1896, Ufaransa ilikata kutoka mita 2,400 hadi 2,100 mwaka 2005. Hoja ni ya soko. Wanunuzi wanataka kasi inayoonekana farasi akiwa na miaka miwili, na dume aliyethibitishwa kwa mita 2,400 tu huuzwa kwa shida. Matokeo yake yanaonekana pia kwenye taji la mbio tatu, Guineas, Derby na St Leger: wa mwisho kulitwaa lote ni Nijinsky, 1970, na Camelot alilikosa kidogo tu St Leger 2012.

Epsom haipaswi kufuata njia hiyo. Farasi mwenye kasi ya maili moja tu anaweza kujificha kwenye viwanja vingi. Uzito wa Derby ni kwamba inadai kasi, ustahimilivu, mizani kwenye mteremko na akili tulivu, vyote kwa siku moja, kwa mnyama ambaye bado hajamaliza kubadili meno. Ukikata mita 300 unaondoa sehemu kubwa ya ule mlima wa mwanzo, na farasi mwenye pupa anafika Tattenham akiwa hajalipa gharama ya pupa yake.

Kwa anayetaka kuzitazama Juni ijayo, macho yake yasikae kwa aliye mbele. Dakika ya kwanza atafute farasi aliyelegeza shingo, ambaye joki wake hajavuta hatamu. Kwenye mteremko aangalie nani anabaki kwenye hatua ileile bila kuyumba. Kisha wanapoingia mnyoofu ahesabu: aliye nyuma ya nafasi ya nane hapo anahitaji kuwa Dancing Brave, na hata Dancing Brave hakufika.